Mama asiache metformini kwa ajili ya unga wa majani

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema mama yako hapo Moshi anameza metformini, dawa ya kisukari, miligramu 500 kutwa mara mbili, na muuzaji mmoja sokoni amemwambia aziache, atumie unga wake wa majani wenye antioksidanti, yaani viini vya kuzuia chembe haribifu mwilini. Tafadhali asiache.

Sukari ikikaa juu, seli huzalisha kwa wingi chembe za oksijeni zinazoumiza mishipa, na hapo macho, figo na miguu huanza kuharibika. Metformini hupunguza uzalishaji huo: inashusha sukari inayotengenezwa na ini, na pia inagusa mitokondria, vijiwanda vya nishati ndani ya seli, ambako nyingi ya chembe hizo huzaliwa. Gliklazaidi, dawa nyingine ya kisukari, nayo kwenye vipimo vya maabara imeonekana kuzinasa chembe hizo yenyewe. Lakini kazi ya dawa hizi hasa ni kushusha sukari, na kazi hiyo unga haujathibitishwa kuifanya.

Mama yangu mdogo, yupo Sakina, Arusha, alipumzisha dawa zake za kisukari wiki tatu hivi. Akawa anaamka usiku mara nne kukojoa, midomo imekauka hadi inapasuka. Tulipompima, mashine ikasoma sukari 19, juu mno. Niliogopa sana.

Mnafu, mchicha na parachichi ale, ni vizuri. Ndizi za kupika apunguze kiasi. Kama dawa inamsumbua tumbo, aimeze pamoja na chakula. Na akisikia ganzi miguuni, mwombe daktari ampime vitamini B12, maana metformini ya miaka mingi huweza kuipunguza. Huo unga aupeleke kliniki wauone kabla hajaonja.