Wanasikia hisia zako, chanzo wanajibunia

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusikiliza simu za watu wengine. Mimi ni msimamizi wa huduma kwa wateja wanaotuma pesa kwa simu, hapa Dar es Salaam. Simu zinarekodiwa, nami nachagua baadhi, navaa hedifoni, nasikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha nampa mhudumu alama. Sura siioni. Sijui nani kakunja uso na nani analengwalengwa na machozi. Ninachopata ni sauti tu, na imenifundisha kitu ambacho natamani kila anayeongea na watu akijue: msikilizaji hutambua upesi kwamba una jambo moyoni, ila chanzo chake hakijui. Anakibuni. Na mara nyingi anadhani chanzo ni yeye.

Tuliwahi kuwa na binti, mmoja wa wahudumu wetu hodari kabisa, aliyerudi kazini mapema mno baada ya msiba. Wiki ile malalamiko yakamiminika: ana nyodo, anajisikia, anawajibu watu kama anawafanyia hisani. Nikazisikiliza rekodi zake. Maneno yote yalikuwa mahali pake, salamu, pole, utaratibu wa kurejesha muamala, shukrani. Lakini sauti ilikuwa imeshuka, inatoka polepole, haipandi wala haitelemki. Sasa mtu ametuma pesa ya ada ya mtoto kwenye namba isiyo yake, jasho linamtoka, halafu anajibiwa na sauti kama ile. Huzuni ikasikika kama dharau.

Upande wa pili wa simu mambo ni yale yale, na huko ndiko kunakoniuma zaidi. Mteja aliyetapeliwa anapiga akitetemeka. Anameza maneno, anarudi nyuma, sauti inapanda kisha inakatika. Mhudumu mgeni anasikia mtu anayebabaika, anaanza kumhoji kama mshukiwa. Hofu na uongo vinafanana mno masikioni, na sijakutana na mzoefu anayeweza kuvitofautisha kwa kusikia tu.

Mwili ndio unaofanya haya yote, na inafaa kuuelewa ili usijilaumu bure. Nyuzi za sauti zilizoko kooni hutikisika takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde mwanamume anapoongea kawaida, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Ukishtuka au ukikasirika, misuli ya koo inakaza, nyuzi zinavutika, sauti inapanda. Pumzi inakuwa fupi, ya kifuani juu, kwa hiyo sentensi inaishiwa hewa kabla ya kufika mwisho. Mate nayo yanakauka. Neva inayoziamuru nyuzi hizo ni tawi la vagasi, neva ile ile inayotuliza mapigo ya moyo. Upande wa kushoto tawi hilo hushuka mpaka kifuani, likapita chini ya mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ndipo likapanda tena hadi kooni. Mtu anayekuambia “usiweke hisia kwenye sauti” anakuagiza jambo gumu sana.

Simu nayo inaongeza lake. Laini ya kawaida tangu zamani hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400 (hezi ni mtikisiko mmoja kwa sekunde), na mtikisiko wa msingi wa sauti zetu uko chini ya hapo. Ubongo wa msikilizaji hujaza pengo, lakini ule uzito unaotuliza unapungua. Ndiyo maana watu wapole ana kwa ana wanaweza kusikika wakavu kwenye simu.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Swali letu la ndiyo au hapana mara nyingi halina alama nyingine ila kupanda kwa sauti. Mhudumu akiwa mchangamfu atauliza, “Namba ya siri umempa mtu?” Akiwa hoi baada ya foleni ndefu ya simu, sauti haipandi tena, na mteja anasikia: “Namba ya siri umempa mtu.” Amesutwa! Kuanzia hapo anajitetea, na tatizo lake halisongi mbele. Ushauri wangu kwa aliyechoka ni kuacha kuitegemea sauti katika maswali. Anza na “je”, au sema “naomba nikuulize, mama”. Nyumbani inafaa vilevile. “Umelipa umeme” ya mtu aliyerudi kazini kachoka imeanzisha ugomvi usio na sababu katika nyumba nyingi.

Semina nyingi zitakuambia kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, na mwili 55. Usizibebe hivyo namba hizo. Zinatokana na kazi za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, zilizochunguza jambo finyu: neno likisema hivi na sauti au uso ukisema vingine, msikilizaji ataamini kipi kuhusu kupendwa au kuchukiwa. Mehrabian mwenyewe aliweka wazi kwamba hesabu hiyo inahusu hisia na mitazamo tu. Mteja anayetafuta pesa yake anahitaji maneno sahihi, tena mengi kuliko asilimia 7. Utafiti ninaoutumia mimi kufundishia ni wa mwanasaikolojia Nalini Ambady na wenzake, Marekani, 2002. Walichukua vipande vifupi vya madaktari wa upasuaji wakiongea na wagonjwa wao, wakavichuja mpaka maneno yasieleweke, ukabaki mlio tu. Madaktari ambao mlio wao ulisikika wa kibabe na usio na kujali ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamewahi kushtakiwa na wagonjwa.

Basi ufanyeje? Kabla ya kupokea simu au kuingia kwenye kikao kigumu, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyoivuta, mara kadhaa. Shusha mabega. Kunywa maji. Usiruke salamu: zetu kwa bahati nzuri ni ndefu, zinakupa nafasi ya kutuliza koo na kumsikia mwenzako yukoje. Tabasamu kweli husikika, kwa kuwa midomo ikivutika njia ya sauti inafupika na mlio unang'aa, lakini usilitumie kwa aliyepoteza pesa. Atadhani unamcheka.

Na kubwa kuliko yote, taja sababu. Sentensi moja inatosha: “Samahani kaka, sauti yangu leo iko chini, nimefiwa, ila nakusikiliza.” Yule binti alianza kusema hivyo, na wateja wakawa wanampa pole wao. Huna haja ya kueleza yote. “Nimeamka na mafua” kama ni kweli inafaa, “nimechoka, si wewe” inafaa. Ukikaa kimya, wataijaza nafasi hiyo wenyewe. Kwenye WhatsApp ndiyo usisahau kabisa, maana wengi husikiliza ujumbe wa sauti kwa mwendo wa mara 1.5 au mara 2, na mtu mtulivu anageuka mwenye pupa. Jambo zito mpigie.

Ukiwa wewe ndiye unayesikiliza, chelewa kuhukumu. Wahudumu wangu siku hizi, mteja akipiga anatetemeka, hawamhoji kwanza. Wanampa pole, wanamuuliza jambo jepesi asiloweza kulikosea: anaitwa nani, yuko wapi sasa hivi, simu iliyotumika ni hiyo anayopigia? Akijibu mawili matatu, pumzi inamrudia, maelezo yananyooka, na hapo ndipo mhudumu anafungua muamala na kuanza kuulizia pesa imekwenda wapi.