Mwanao akiuliza kuhusu Injili, mfungulie hata yale mabano

Dada yangu, umeeleza kwamba kijana wako amerudi likizo kutoka chuoni akisema Injili ziliandikwa miaka mingi baada ya Yesu, zikanakiliwa mpaka zikaharibika, na tena zinapingana. Umeuliza umjibu nini. Nimefundisha darasa la kipaimara miaka 12, na swali la aina hii lilinishinda vibaya.

Ilikuwa Jumamosi, tunasoma Marko 16. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye Biblia tofauti na zetu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona kwangu mstari wa 9 mpaka wa 20 umewekwa kwenye mabano?" Sikujua. Nikamwambia aache kutafuta mambo ya kuyumbisha imani, afunge Biblia, turudi kwenye Katekisimu. Akafunga. Alipata kipaimara na wenzake, akapigwa picha na shada shingoni, kisha sikumwona tena kanisani. Miaka saba baadaye tukakutana stendi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwalimu, siku ile ulijua au hukujua?"

Nikamjibu sikujua.

"Sasa si ungesema tu." Akapanda basi lake.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma. Kumbe hati mbili kongwe zenye Injili ya Marko yote, Sinaiticus na Vaticanus, za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini wanatetemeka. Ile habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8, nayo haimo humo. Wanaochapa Biblia hawakuficha, ndiyo maana wakaweka mabano. Na hayo tumeyajua kwa kuwa nakala ni nyingi: za Kigiriki peke yake zinapita 5,000, ingawa nyingine ni vipande tu. Mnakili akiongeza mstari huku, nakala ya kwingine inamuumbua. Tofauti zipo nyingi sana, mwambie hivyo hivyo, ila sehemu kubwa ni tahajia na mpangilio wa maneno. Kipo kipande kimoja Manchester, Uingereza, kwenye maktaba ya John Rylands, kinakaribia ukubwa wa kitambulisho cha taifa. Kina mistari ya Yohana 18, Yesu mbele ya Pilato, na wataalamu wengi wanakiweka karne ya 2.

Kuhusu miaka, usibishane naye. Wasomi wengi wanaiweka Marko karibu na mwaka 70, yaani kama miaka 40 baada ya msalaba. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho karibu mwaka 55, na katika sura ya 15 anasema habari ya kifo, kuzikwa na kufufuka aliipokea, yaani hakuitunga yeye, na kwamba wengi wa walioona bado wako hai. Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Miaka 40 baadaye alikuwa akichanganya tarehe na majina ya vijiji, lakini hakuwahi kuchanganya nani alianguka kando yake. Na kama mtu angesema wanajeshi wetu hawakufika Kampala 1979, wazee wa mtaani wangemkatiza hapo hapo.

Ndivyo ninavyozisoma zile tofauti za kaburini. Mathayo anataja malaika mmoja, Luka anataja watu wawili. Wote wanne wanakubaliana kuhusu kaburi tupu, siku ya kwanza ya juma na Maria Magdalene. Na zama zile ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa. Luka mwenyewe anakiri mitume waliyaona maneno ya wanawake waliotoka kaburini kuwa upuuzi. Anayetunga hadithi ili aaminiwe angeanza na Petro.

Kuna mstari mmoja naupenda kuliko yote haya. Marko 15:21 inasema aliyebebeshwa msalaba ni Simoni Mkirene, baba yao Iskanda na Rufo. Kwa nini awataje watoto? Sisi tunaelewa haraka: ni kama kusema Baba Neema. Unamwita mtu kwa mtoto wake pale msikilizaji anapomfahamu mtoto.

Sasa, haya yote hayatamfanya kijana aamini. Hati inaweza kuonyesha watu walisema nini na walisema mapema kiasi gani. Kwamba Kristo amefufuka, hilo mimi naliamini kwa moyo wangu wote, na sikulipata Manchester. Kwa hiyo usiende kumshinda. Kaa naye jioni, fungueni Marko 16 pamoja, mwonyeshe mabano wewe mwenyewe kabla hajaonyeshwa na mwingine. Akikuuliza usichokijua, mwambie hujui, kisha mtafute jibu pamoja.

Yule wa stendi nilimtafuta mwaka jana. Hajarudi kanisani. Ila huwa ananipigia, na sasa tunasoma Luka, tumefika sura ya 9.