Re: "Kumpa Yesu moyo" ni kumpa nini hasa?

Dada yangu wa Newala, umeuliza kwa nini Biblia inasema mtu anawaza moyoni wakati sisi tunawaza kwa kichwa, na ukiambiwa umpe Yesu moyo, unatoa nini.

Kwa Waebrania moyo, yaani "lev", haukuwa mahali pa mapenzi na huzuni tu. Ndipo mtu anapofikiri, anapokumbuka na kukata shauri. Ndiyo maana Sulemani alipotaka hekima ya kuamua kesi za watu aliomba moyo (1 Wafalme 3:9). Hisia za ndani kabisa mara nyingi waliziweka kwenye figo. Neno "viuno" katika Yeremia 17:10, kwa Kiebrania, ndizo figo hizo.

Mjomba wangu hapa Masasi alikuwa mchongaji. Gogo la mpingo likifika, kwa nje limezungukwa na mti mweupe. Alikuwa anaupasua kwa tezo, vipande vinaruka, mpaka weusi unatokea. Hapo tu ndipo alipoanza kuchonga. Nikisoma 1 Samweli 16:7, kwamba wanadamu huangalia sura ya nje bali Bwana huutazama moyo, namwona yeye na lile gogo.

Kwa hiyo unampa Yesu mahali pale unapoamulia mambo yako: hela, ndoa, msamaha. Ni kugumu, najua. Daudi mwenyewe hakusema atajisafisha. Aliomba, "uniumbie moyo safi" (Zaburi 51:10), na kitenzi hicho kwa Kiebrania ndicho kile cha Mwanzo 1:1, Mungu alipoumba mbingu na nchi.