LUKU kwa kila mpangaji? Kwanza tuulize nani anailipia

Wiki hii mmeuliza kama kila mpangaji awe na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nilipolisoma swali nilisema hapana, na sababu zangu zinatoka Ujerumani, ambako kinachopimwa nyumba kwa nyumba ni joto.

Mnaoishi huku mnakijua kile kidude kilichobanwa kwenye hita. Techem, iliyoanzishwa mwaka 1952, imekua kwa kazi hiyo: kusoma vidude na kuwagawia wapangaji bili ya joto ya jengo zima. Vya zamani vina kimirija cha kioo chenye maji ya dawa. Hita ikipata moto yanakauka, na kila mwaka anakuja mtu kutazama yameshuka hadi mstari gani. Tangu 1981 sheria inataka asilimia 50 hadi 70 ya gharama ifuate matumizi, na inayobaki mara nyingi hufuata ukubwa wa nyumba.

Hiyo inayobaki ndiyo iliyomliza jirani yangu, mama wa Bukavu, Kongo. Hakuwa akifungua hita. Siku ya kusomewa, kimirija chake kilikuwa karibu kimejaa, na msomaji mwenyewe akatikisa kichwa. Bili ikaja vilevile. “Ndugu yangu, ninakalaka na makoti mbili ndani ya nyumba, na bado bananilipisha?” Nikaenda naye kwa mwenye nyumba kumtafsiria. Karani, kijana mpole tu, akachora ghorofa tatu kwenye bahasha na mishale ikipita ukutani: mama, wa juu na wa chini wanakupasha joto. Mama akaitazama ile bahasha kwa muda. “Basi nishukuru majirani, siyo ninyi.” Karani alicheka, lakini bili haikupungua, na ndani yake mlikuwamo pia ada ya kusomewa kile kimirija ambacho hakikushuka.

Ila nikiwa naandika nimemkumbuka mzee wa juu yake, aliyefungua dirisha Januari nzima hita ikichemka. Bila kidude, dirisha lile lingelipiwa na mama. Hapo hasira yangu inahama kutoka kwenye mita. Mwenye nyumba huchagua kampuni ya kusoma vidude, mpangaji hulipa ada. Basi nani atahangaika kutafuta ya bei nafuu? Mwaka 2017 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilieleza jambo hilohilo, na ikaona Techem na mshindani wake ista pekee zimeshika zaidi ya nusu ya soko. Sasa vidude vingi vinasomwa kwa redio, hakuna anayebisha hodi, na ada bado ipo.

Kwa hiyo ndiyo, kila chumba kiwe na LUKU yake, maana nimeishi Sinza, Dar es Salaam, na najua ugomvi wa mwenye friji na mwenye taa moja wanaochangia LUKU. Lakini gharama ya kuifunga isiangushiwe mpangaji, taa ya korido na pampu ya maji zijulikane mapema ni za nani, na fundi asiwe shemeji wa mwenye nyumba.