Usimnyang'anye mtoto chuma cha kulehemu

Mpwa wangu wa miaka 14 alikuwa na jibu moja kwa kila kitu chenye waya: "Mama mdogo, miye bintu bya umeme siwezi." Redio ikinyamaza, jibu ni hilo. Wakubwa wa nyumbani wakamwambia, "Unaweza, jikaze tu." Haikusaidia, wala sikutegemea isaidie.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa anaimudu kazi fulani ina vyanzo vinne: kuifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mwenzake wa kiasi chake akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyousoma mwili wake, mfano moyo unapomdunda mbele ya kazi hiyo. Cha kwanza kina nguvu kuliko vyote. Maneno, tunayoyagawa bure sisi wazazi, hayafiki mbali. Tena imani hii huenda kazi kwa kazi: binti anayeongoza kwaya bila woga anaweza kuogopa bisibisi.

Basi mtafutie kazi ndogo ya mikono. Hapa Lubumbashi, Kongo, tunayo tayari: kigari cha kuchezea cha waya. Watoto wa Katuba na wa Kenya (komini yetu, yaani wilaya ya mji, si nchi) wanavikunja bila kufundishwa na mtu mzima. Kilichobaki ni kukitia taa za mbele.

Unahitaji betri tatu za redio za volti 1.5, taa mbili ndogo nyekundu za LED, rezista mbili za omu 220 (vidude vya kupunguza mkondo wa umeme), swichi na waya. Vingi utavipata kwa fundi wa redio, kwenye lundo lake la mizoga. Rezista ya 220 utaijua kwa mistari yake: nyekundu, nyekundu, kahawia. Kabla ya kugusa chochote, kaeni na karatasi. Betri tatu zikifuatana zinatoa volti 4.5. Taa nyekundu inachukua kama 2. Zile 2.5 zinazobaki, gawanya kwa 220: unapata kama ampea 0.011, kiasi ambacho taa inakibeba bila shida. Ni kanuni ileile ya Ohm inayokaririwa darasani kwa ajili ya mtihani, ila safari hii ina kazi ya kufanya. Kila taa ipewe rezista yake, na mguu mrefu wa taa uelekee upande chanya. Volti 4.5 hazimpigi mtu shoti. Umeme wa ukutani usiuguse kwa mazoezi haya.

Kwanza sokoteni waya kwa vidole tu. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, ni ajabu kwamba wengi wetu hatujawahi kumenya waya tukaiona hiyo shaba. Kulehemu kuje baadaye, dirisha likiwa wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula kwa sababu lehemu nyingi zina risasi, madini yenye sumu. Chuma kipashe moto kiungo chenyewe, kisha lehemu iguse kiungo. Lehemu yenye risasi ikitulia inang'aa. Ikiwa na rangi ya majivu na vinundu, rudia.

Halafu taa haitawaka.

Hapo ndipo mkono wa mtu mzima unapomwasha. Unaliona kosa, ni la nusu dakika, unataka kupokea chuma. Usipokee. Ukiimaliza wewe, taa itawaka, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba mama mdogo anaweza. Uliza tu. Betri zimeelekea wapi? Taa hii ukiigeuza je? Kiungo gani kinacheza ukikivuta? Abadilishe jambo moja kwa wakati, ajaribu, ndipo aende kwenye lingine. Akibadilisha matatu pamoja hatajua lipi lilikuwa kosa. Wa kwangu alinuna, akakiweka kigari chini, akaenda kuchota maji, akarudi. Taa moja ilikuwa imegeuzwa. Aliigundua bila mimi kufungua mdomo, na kunyamaza kule kulinigharimu kuliko vifaa vyote.

Bandura alisema pia kwamba mtu aliyezoea ushindi mwepesi huvunjika haraka akikutana na kizuizi. Kwa hiyo siku hizi naacha betri moja iliyochoka kati ya vifaa vya mtoto, makusudi. Dada zangu wanasema ni ukatili. Labda.

Kumpeleka kumtazama fundi mkubwa nadhani hakuna faida sana mwanzoni, maana mtoto ataona kipaji cha fundi. Afadhali jirani wa umri wake ambaye kigari chake kimewaka juzi.

Kigari kikishawaka, mpe kazi yenye haja nyumbani: taa ya usiku wa kukatika umeme, ndani ya chupa ya plastiki. Betri ni zilezile tatu, ila taa iwe nyeupe. Mwambie tu kwamba nyeupe inachukua karibu volti 3, rezista ajitafutie mwenyewe. Akikuletea ya omu 100, yenye kahawia, nyeusi na kahawia, amepiga hesabu sawasawa. Betri za lithiamu za simu na za kompyuta msizilehemu wala kuzitoboa. Zinaweza kulipuka moto, na hizo ziachieni fundi mwenye vifaa vyake.