Oksijeni ya 84% peke yake haikupi J96.01

Hapana dada, usiweke J96.01 (msimbo wa kushindwa kupumua kwa ghafla pamoja na upungufu wa oksijeni) hapo. Unasema daktari kaandika "upungufu wa oksijeni kwenye damu" tu, mgonjwa akiwa na oksijeni ya 84% kwenye damu kabla ya kuwekewa oksijeni lita 4 kwa dakika. Kwa huku Marekani hiyo ni R09.02, msimbo wa upungufu huo tu, basi. Sisi waweka misimbo haturuhusiwi kugeuza namba kuwa ugonjwa, hata kama zinapiga kelele.

Mwandikie daktari swali. Mtajie hiyo 84%, kasi ya kupumua, na kama manesi waliandika kwamba alitumia misuli ya shingo kuvuta pumzi au alishindwa kumaliza sentensi, kisha uliza alikuwa anatibu tatizo gani. Usimwekee jibu moja mdomoni. Mpe machaguo kadhaa, "nyingine" na "haiwezi kubainika" zikiwemo. Kama pCO2 (kaboni dioksidi kwenye damu) ilipita 50 na pH (kipimo cha asidi ya damu) ikawa chini ya 7.35, ziweke humo pia, maana J96.02 (kushindwa kupumua kwa ghafla pamoja na kaboni dioksidi nyingi) inaweza kuhusika.

Ila wakaguzi wa bima wanaiwinda sana J96.01 kwa sababu inapandisha malipo. Noti ikisema "anapumua bila shida", wataikataa hata daktari akiwa ameiandika kila siku.