Filamu za 2026 kwa sisi tulio mbali na sinema

Ndugu yetu wa Shela ameuliza: mwaka 2026 tunangojea filamu zipi, na mtu aliye Lamu, pasipo na ukumbi wa sinema, ana haja gani ya kufuatilia tarehe za kutoka? Jibu langu ni refu, mnivumilie.

Haja ipo, tena kubwa kuliko ya mtu wa Nairobi. Yeye akiikosa filamu wiki hii anapanda matatu wiki ijayo. Sisi tunavuka hadi Mokowe, tunapanda basi, tunapita Witu, Garsen na Malindi, na mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Ukijumlisha nauli, chakula na pa kulala, tikiti ndiyo inakuwa kitu kidogo. Kwa hivyo mtu wa Amu, yaani Lamu, lazima achague mapema. Kila mwaka ukikaribia kwisha mimi huzigawa filamu mafungu mawili, za kusafiria na za kungojea nyumbani, na swali langu ni moja tu: ukiondoa ukumbi, filamu hii inapoteza nini?

Swali hilo nililipata kwa sehemu ya pili ya Dune, iliyotoka Machi 2024. Niliiona Mombasa kabla ya mfungo. Baadaye nikaitazama tena nyumbani kwenye laptopu pamoja na binamu zangu. Wao waliipenda sana, na hadithi ni ile ile. Lakini yule mnyoo wa jangwani anapoinuka mchangani, kule ukumbini niliusikia mtetemo kifuani kabla sijamwona, na watu wote walinyamaza. Nyumbani alikuwa picha nzuri tu. Tangu siku hiyo sioni tabu ya safari ikiwa filamu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya ukumbi.

Sasa 2026. Ya kwanza kwangu, na ya pili iko mbali nyuma yake, ni The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyotangazwa kutoka tarehe 17 Julai. Ni ile hadithi ya Homer, ya Odysseus aliyemaliza vita vya Troya akahangaika baharini miaka kumi kabla ya kufika kwake. Matt Damon ndiye Odysseus, Anne Hathaway ni mkewe Penelope, Tom Holland ni mwana wao, na Lupita Nyong'o wetu yumo. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa kamera za IMAX, mfumo wa picha kubwa mno za ukumbini, zinazotumia mkanda. Nolan alianza kuzitumia kamera hizi katika The Dark Knight ya 2008, lakini kwa baadhi ya sehemu tu. Zina mngurumo mkubwa, na waigizaji wakizungumza kwa sauti ya chini kamera inawafunika. Safari hii IMAX walitengeneza kamera zenye kelele kidogo, ndipo hata mazungumzo ya watu wawili yakaweza kupigwa kwa mkanda ule mpana. Mombasa hatutaiona kwa mkanda wenyewe wa milimita 70, kwa sababu kumbi zenye mitambo hiyo ni chache duniani. Hata hivyo upana na uangavu wa picha iliyopigwa hivyo unabaki ukiionyesha kidijitali kwenye kitambaa kikubwa. Kwenye simu haubaki.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kwetu zaidi. Nolan alipeleka watu baharini kwelikweli, juu ya vyombo halisi, hakutosheka na bwawa la studio. Nina mjomba aliyekuwa nahodha wa jahazi ujanani, na kutazama naye filamu za bahari ni darasa. Yeye hatazami nyuso. Hutazama tanga limejaa upande gani, mawimbi yanatoka wapi, na kama mabaharia wanashika kamba kama watu wanaoijua. Chombo kikienda mbele huku upepo unavuma kutoka mbele, husimama akaenda kusali au kunywa kahawa, na filamu kwake imekwisha. Huyu ndiye ninayetaka kukaa naye ukumbini Julai, inshallah. Nataka kuona kama atakaa mpaka mwisho. Hadithi ya mtu aliyechelewa kurudi kutoka safari, na mke aliyebaki akisumbuliwa na wachumba wanaosema mumeo keshakufa, haihitaji kueleweshwa mtu yeyote wa pwani hii. Nyumba nyingi za Amu zina bibi aliyewahi kungojea chombo.

Kwa kalenda yetu pia imeangukia pazuri. Katikati ya Julai tuko Mfungo Tano, na Mfungo Sita utaingia Agosti. Baada ya hapo hakuna atakayetoka Lamu, maana wageni wa Maulidi wanaanza kufika.

Desemba ina mtihani. Tarehe 18 zimetangazwa mbili kwa siku moja: Dune: Part Three ya Denis Villeneuve, na Avengers: Doomsday ya ndugu wa Russo, ambamo Robert Downey Jr. anarudi, safari hii si Iron Man bali adui, Doctor Doom. Vijana wengi wataichagua ya Avengers na siwalaumu, ile ni ya kupiga kelele pamoja. Mimi nitakwenda Dune. Inatoka katika kitabu cha Frank Herbert cha 1969, na wanaotarajia vita vikubwa kama vya sehemu ya pili wajue kwamba kitabu chenyewe ni cha hila za ikulu. Paul, yule shujaa wa Dune, sasa ni mtawala, watu wameuana kwa jina lake ulimwengu mzima, na yeye hawezi kuizuia dini iliyomea juu yake. Jambo hilo limenigusa kuliko mapigano yote. Ila msiende wiki ile ya kwanza. Desemba Mombasa hujaa wageni wa bara, nauli hupanda, na vyumba havipatikani. Filamu kubwa kama hizi kwa kawaida hukaa ukumbini wiki kadhaa, kwa hivyo Januari mwanzoni ni salama.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Project Hail Mary, ya Ryan Gosling, ni tarehe 20 Machi, yaani karibu na siku yenyewe ya Idi. Nani ataacha biriani ya Idi kwa ajili ya mwalimu wa sayansi aliyezinduka peke yake chomboni angani? Hiyo nitaingojea nyumbani kwa moyo mkunjufu. Michael, ambamo Jaafar Jackson anaigiza kama ami yake, mwanamuziki Michael Jackson, ni Aprili 24. Ikiwa mko Malindi, ambako Mombasa ni safari ya saa chache tu, nendeni, kwa sababu muziki ule unataka spika kubwa. Spider-Man: Brand New Day ni Julai 31, shule zinapofungwa. Wazazi, tazameni kwanza alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuahidi watoto.

Na za Kihindi, ambazo mama zetu wangenishangaa nikiziruka. Ramayana ya Nitesh Tiwari, sehemu ya kwanza, imepangwa Diwali, Novemba. Ranbir Kapoor ni Rama, Yash ni Ravana, na muziki ni wa A. R. Rahman pamoja na Hans Zimmer. Kwa muziki huo tu ningeiweka fungu la kusafiria. King ya Shah Rukh Khan nayo imetangazwa kwa mwaka huo huo.

Ninachokikosa kwenye orodha yangu ni ya kwetu. Mnaikumbuka Subira ya Ravneet Chadha, ya 2018, ya msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Niliona maji ninayoyajua yakitazamwa kwa makini na mtu mwenye kamera nzuri, nikataka nyingine mwaka uliofuata, na bado naitaka. Wenye jamaa Unguja, fuatilieni ratiba ya ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kwa sababu filamu za Kiswahili mara nyingi huonekana pale kwanza, tena watu wakikaa Ngome Kongwe usiku kwa upepo.

Wanaotaka kwenda Julai waseme hapa chini mapema. Tukijaa matatu moja kutoka Mokowe, nauli itashuka, na mjomba nitamwekea kiti cha mbele.